Kujifunza Kihispania katika usingizi: ndoto ya zaidi ya miaka mia moja

Jioni mtu anatafuta kwenye YouTube video ya saa nane yenye maneno ya Kihispania. Anaweka simu karibu na kichwa, anazima taa, analala. Video imemwahidi kwamba ataamka na maneno mapya bila kuchoka. Usiku unapita, mega zinakwisha, chaji inakwisha. Je, maneno yanabaki?

Swali hili halikuanza na simu. Mwaka wa 1911, huko Marekani, Hugo Gernsback alianza kutoa hadithi katika gazeti lake Modern Electrics, hadithi juu ya maisha ya mwaka wa 2660. Humo watu wanavaa chombo kichwani na kupokea vitabu wakiwa usingizini. Ilikuwa hadithi tu, lakini wenye biashara hawakukawia. Mwaka wa 1927, mjini New York, Alois Saliger alileta mashine iliyoitwa Psycho-Phone: gramafoni iliyounganishwa na saa, ili iwake yenyewe usiku. Sahani zake zilimnong’oneza mwenye kulala juu ya kupata pesa, kuishi maisha marefu na kupata mwenzi.

Mwaka wa 1932 Mwingereza Aldous Huxley alitoa kitabu Brave New World. Ndani yake kuna mtoto aliyesikilizishwa usingizini habari za mto Naili, mto ule unaopokea maji ya ziwa Edward na ziwa Albert. Asubuhi mtoto anakariri vizuri kabisa kwamba Naili ndio mrefu kuliko mito yote ya Afrika. Lakini akiulizwa mto gani ni mrefu zaidi Afrika, hajui, na mwishowe analia. Maneno yalikuwa mdomoni, maana haikuwa kichwani. Katika kitabu hicho wakubwa wa serikali wanaacha kufundisha elimu kwa njia hiyo. Wanaitumia kwa kuwazoesha watoto utii tu.

Hicho ni kitabu cha kubuni. Majaribio ya kweli yalifuata. Mwaka wa 1942 mtaalamu Lawrence LeShan alitangaza kazi aliyoifanya kwa wavulana 20 waliokuwa na tabia ya kuuma kucha. Kwa usiku 54, sauti iliwaambia mara 300 kila usiku kwamba kucha zao ni chungu. Gramafoni ilipoharibika, LeShan mwenyewe alisimama gizani na kuyasema maneno hayo. Mwishowe wavulana 8 waliacha. Wengi walifurahi, lakini swali moja lilibaki: wakati sauti ile inasema, je, wavulana walikuwa wamelala kweli?

Jibu lilipatikana miaka ya 1950, Santa Monica, jimbo la California. Charles Simon na William Emmons waliwafunga watu vyombo vinavyopima umeme wa ubongo, kisha wakawasomea maswali na majibu usiku. Mtu akiwa bado macho kidogo, alikumbuka. Usingizi ukimshika sawasawa, asubuhi hakukumbuka kitu. Waliodhaniwa kujifunza usingizini walikuwa wamejifunza katika dakika ambazo hawajalala bado.

Hata hivyo, haifai kusema kwamba usingizi hauna kazi katika masomo. Mwaka wa 1924, katika Chuo Kikuu cha Cornell, John Jenkins na Karl Dallenbach waliwapa wanafunzi wawili silabi zisizo na maana wazishike kichwani. Waliolala baada ya kujifunza walisahau kidogo kuliko walipokaa macho kwa muda ule ule. Miaka tisini baadaye, mwaka wa 2014, Thomas Schreiner na Björn Rasch, huko Uswisi, waliwapa watu wanaosema Kijerumani maneno ya Kiholanzi wajifunze jioni. Wengine walilala, na usiku wakasikilizishwa polepole baadhi ya maneno hayo. Walipoamshwa, waliyakumbuka yale waliyosikia vizuri kuliko yale ambayo hawakuyasikia. Wale waliokesha wakisikiliza hawakupata faida hiyo.

Tofauti iko hapo. Watu wale walikuwa wamejifunza Kiholanzi mbele ya kulala, macho yao yakiwa wazi. Usingizi ulikuwa mlinzi wa mali iliyokwisha kuingia nyumbani, haukuwa mwalimu. Anayelala bila kujifunza neno lolote la Kihispania hana mali ya kulindiwa.

Habari hii inawahusu wengi wanaolazimika kujifunza lugha mpya kwa sababu wamehama: mama anayetaka kufanya biashara katika mji mgeni, mtoto aliyeingia darasani katikati ya mwaka. Dakika ishirini za kurudilia maneno kwa sauti jioni, kisha kulala vizuri, zina faida kuliko video ya usiku kucha. Na sauti ikiwa kubwa, inamwibia mtu usingizi wenyewe, ule ambao ungemlindia maneno yake.

Basi, mtoto akifunga daftari na kulala mapema, hata chini ya turubai, asiitwe mvivu. Somo lake bado linaendelea.