Je, Kuna Chanjo ya Saratani ya Tumbo?

Akina mama wa Karagwe na Kyerwa huniuliza kliniki: "Nesi, binti anachanjwa saratani ya mlango wa kizazi. Ya tumbo je?" Jibu ni kwamba kwa sasa haipo. Anayekuuzia chanjo hiyo anakudanganya.

Chanzo chake

Mara nyingi saratani ya tumbo huanzia kwa bakteria aitwaye H. pylori. Wengi humpata utotoni, nyumbani. Wengi hawaugui, baadhi hupata vidonda vya tumbo, na wachache hupata saratani baada ya miaka mingi.

Chanjo ya nano ni nini?

Watafiti hufunga kipande cha bakteria, au cha seli ya saratani, ndani ya chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Chembe hizo hukilinda kisiharibike na kukifikisha kwa askari wa mwili. Chanjo ya kinga ingemzuia bakteria. Ya tiba ingeufundisha mwili kushambulia saratani iliyokwisha kuanza. Utafiti bado unaendelea.

Neno nano lisikutishe. Chanjo ya HPV, inayotolewa bure kwa wasichana, nayo imetengenezwa kwa chembe ndogo mno, zisizo na kirusi hai. Mpeleke binti yako, ila ujue haikingi saratani ya tumbo.

Usisubiri chanjo, anza na haya

- Tumbo likiuma mara kwa mara, omba kipimo cha H. pylori. Kipo cha choo kikubwa.
- Ukipewa dawa, maliza dozi hata ukipata nafuu. Usimgawie mwingine.
- Nawa mikono kwa sabuni, chemsha maji ya kunywa, usimtafunie mtoto chakula.
- Punguza chumvi. Acha sigara.

Nenda kituoni haraka ukiona

- kutapika damu, au choo cheusi kama lami;
- kukonda bila sababu;
- kushiba kwa matonge machache, au chakula kukwama;
- maumivu yanayorudi kila dawa inapoisha.

Vidonge vya dukani hutuliza maumivu huku ugonjwa ukiendelea. Wengi hufika kwetu wakiwa wamevinywa kwa miezi. Ukihitaji kipimo cha kamera ya tumbo, utapewa rufaa; matibabu ya saratani yapo Bugando, Mwanza. Saratani ya tumbo ikigunduliwa mapema, inaweza kutibika. Bibi au baba akilalamika tumbo, msindikize leo.