Lupasi: Upele unapogeuka kuwa hatari

MGONJWA wa lupasi anayeishi Gatuanyaga, mashariki mwa mji wa Thika, ana maadui wawili wa ngozi yake: jua la shambani, na tembe anazonunua dukani bila kumwona daktari.

Lupasi ni maradhi ambapo kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe, ikashambulia ngozi, maungio ya mifupa, figo na damu. Hayaambukizi. Takriban wagonjwa tisa kati ya kumi ni wanawake, wengi wao wakiwa katika umri wa kuzaa.

Dalili mashuhuri ni upele wenye umbo la kipepeo unaotanda puani na mashavuni, ambao huzidi mtu apigwapo na jua. Katika ngozi nyeusi upele huo mara nyingi huwa wa zambarau au wa kahawia iliyokolea, hivyo ni rahisi kudhaniwa kuwa ukurutu.

Hatari kubwa ni ngozi kubambuka. Dawa zenye salfa, kama vile Septrin, zaweza kuchochea makali ya lupasi na pia kuleta hali iitwayo Stevens-Johnson. Hali hiyo huanza kwa homa, macho mekundu na vidonda kinywani, kwa kawaida kati ya wiki 1 na 4 baada ya kuanza dawa. Kisha malengelenge hutokea, na ngozi ikachubuka mithili ya iliyoungua moto. Inapobambuka zaidi ya asilimia 30 ya ngozi, takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu hufariki.

Fansidar, ambayo pia ina salfa, ilikuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini Kenya tangu 1998 hadi sera ilipobadilishwa mwaka wa 2004. Dawa ya aina hiyo ingali hutumiwa kuwakinga waja wazito katika maeneo yenye malaria kwa wingi. Mja mzito mwenye lupasi sharti amweleze mkunga hali yake kabla ya kuimeza.

Wakati mwingine lupasi yenyewe huibambua ngozi vivyo hivyo, hasa palipopigwa na jua. Ndiyo maana daktari hukata kipande kidogo cha ngozi ili kichunguzwe kwenye maabara.

Dalili hizo zikitokea, mgonjwa aache dawa hiyo mpya na kukimbizwa katika hospitali kubwa, kama ile ya Thika Level 5, akiwa na pakiti zote za dawa. Hata hivyo, asiache ghafla prednisoloni aliyoizoea bila idhini ya daktari, kwani kufanya hivyo kwaweza kuhatarisha maisha.

Kofia pana na nguo za mikono mirefu humkinga dhidi ya jua. Jina la dawa iliyomdhuru liandikwe katika kitabu chake cha hospitali, asije akapewa tena.