Kelele isiyosikika

Kelele ya Mswahili hutoka kinywani, ngomani au sokoni. Lazima sikio lihusike. Wahandisi wameipa maana nyingine. Mwaka 1928 John B. Johnson, wa maabara za Bell nchini Marekani, alichapisha vipimo vya mtikisiko wa umeme unaosababishwa na joto la kipitishi chenyewe. Nao ukaitwa kelele, ingawa mitaani hakuna aliyelalamika. Claude Shannon akaipa nafasi katika nadharia yake ya mawasiliano ya mwaka 1948: ni kile kinachoivuruga ishara njiani. Mwaka uliofuata Warren Weaver aliifafanulia hadhira pana, akapendekeza pia kelele ya maana: ujumbe umefika salama, ila mpokeaji kaelewa jingine.

Hapo ndipo utafiti wa jamii ulipoidaka, na ndipo ninapoitilia shaka. Kelele ya mhandisi hupimwa kwa namba. Daktari na mgonjwa wasipoelewana, huenda tatizo ni cheo, woga au lahaja, na hayo si uchafu wa kuchujwa kwenye waya. Huko ningesema mkanganyiko. Na redioni tuna neno tamu zaidi: mikwaruzo.