Waridi na Baridi

Mshairi wa pwani atajapo waridi hukusudia uzuri na harufu, na marashi wanyunyiziwayo wageni arusini. Hataji jalidi, maana nchi yake haina. Lakini historia ya waridi la bustani, kwa muda wa miaka mia mbili na zaidi, haielezeki bila ya baridi. Dai la makala haya ni kuwa udhaifu ambao watunza bustani wa kaskazini hupambana nao kila mwaka si wa waridi kwa asili yake. Uliletwa pamoja na zawadi waliyoitamani mno.

Mengi ya mawaridi ya kale ya Ulaya yalichanua mara moja kwa mwaka, kisha yakapumzika. Hali kadhalika lile la Damasko, ambalo hata leo hutolewa marashi katika Jabal Akhdar ya Oman. Mti uliolala huihimili baridi. Mwishoni mwa karne ya 18 yakawasili Uingereza mawaridi ya Uchina: jekundu la Slater mwaka 1792, na la pinki la Parsons mwaka 1793, kisha likafuata la Hume mwaka 1809, na la manjano la Parks mwaka 1824. Haya yalichanua mwezi baada ya mwezi, kwa kuwa usingizi wake ulikuwa mwepesi. Wakulima wakayachanganya na yale ya kale, na mwaka 1867 Guillot wa Lyon akatoa 'La France', lihesabiwalo na wengi kuwa la kwanza katika ukoo wa mawaridi chotara ya chai, yaitwayo hivyo kwa harufu ya wazazi wake wa Uchina. Basi uzao uliorithi kuchanua daima ulirithi pia kutolala vema.

Gharama ya urithi huo haikuwa nzito Lyon wala London. Ilikuwa nzito Minnesota, kaskazini ya Marekani, ambako joto huweza kushuka hata nyuzi 30 chini ya sifuri na kupita. Huko, katika miaka ya 1950, ilienea njia ambayo Albert Nelson husifiwa kuwa mwanzilishi wake, nayo ni kuuzika mwaridi mzima mzima. Maandalizi huanza wakati jua lingali kali. Kuanzia Agosti mtunza bustani huacha kutia mbolea, asichochee machipukizi mororo. Baadaye huacha na kukata maua, vitunda vikomae, na mti upate habari ya kuwa mwaka umekwisha. Mwezi wa Oktoba huyafunga matawi kwa kamba, akachimba handaki ubavuni mwa mti, akailegeza mizizi, kisha akaulaza taratibu. Sharti mti uinamie mizizini wala si shinani. Shina likivunjika, kazi yote imepotea. Huufunika kwa udongo, na ardhi inapoanza kuganda huongeza majani makavu juu yake.

Wengi hudhani udongo ule huupasha mti joto kama blanketi. Sivyo hasa. Adui mkubwa wa mwaridi, mbali na baridi yenyewe, ni kuganda na kuyeyuka kwa zamu, pamoja na upepo mkavu unaonyonya maji ya matawi wakati mizizi iliyoganda haiwezi kuyarudisha. Udongo huuweka mti katika baridi isiyopanda wala kushuka kwa ghafula. Kwa sababu hiyo afukiaye mapema mno hukosea sawa na afukiaye kwa kuchelewa. Aprili hufukuliwa, na tawi ambalo kiini chake ni cha kahawia hupogolewa mpaka kionekane cheupe.

Njia ya pili ilikuwa kuubadili ukoo wenyewe. Mwaka 1961 Felicitas Svejda, mwanamke mtaalamu mzaliwa wa Vienna, alianza kuzalisha mawaridi katika shamba la majaribio la serikali mjini Ottawa, Kanada. Alitumia damu ya waridi-mwitu wa pwani za Japani na Siberia, na ya chotara aliyetokea katika bustani ya Kordes huko Ujerumani. Kisha akaiacha miche yake nje bila ya kifuniko chochote, iliyokufa ife. 'Martin Frobisher' lilitolewa mwaka 1968, na 'William Baffin', litambaalo, mwaka 1983. Mengi katika kundi hilo yalipewa majina ya wavumbuzi wa kaskazini, jambo lililofaa.

Kwa maoni yangu kazi ya Svejda ndiyo kubwa zaidi, maana ilitibu chanzo. Hata hivyo haikuimaliza ile ya Nelson. Maua ya Kanada kwa kawaida hayana lile tumba refu lililochongoka ambalo hupendwa katika chotara wa chai, na wako wakazi wa Minnesota ambao, kwa ajili ya tumba hilo, wangali wakishika sepetu kila Oktoba.