KARATASI ZA TABRIZ NA PESA ISIYO NA MLANGO



Ndugu zangu, wengi mmenitumia ujumbe mkiuliza: "Shekhe, hivi serikali ikiamua kweli, inaweza kuizuia bitcoin?" Suala la uhalali wake nitaliweka kando leo, maana wanazuoni wamehitilafiana. Mufti wa Misri aliiharamisha mwaka 2018, na wapo walioiruhusu kwa masharti. Leo nataka niwapeleke Tabriz.

Mwaka 693 Hijria, sawa na 1294 Miladia, Tabriz ilikuwa mji wa Wamongoli waliotawala Uajemi. Mfalme wao Gaykhatu alikuwa na mkono wa kumwaga. Zawadi, karamu, starehe, mpaka hazina ikakauka, na mifugo nayo ilikuwa imekufa kwa maradhi. Waziri wake, Sadr al-Din Zanjani, akaleta dawa: China wanatumia pesa ya karatasi, kwa nini sisi tusitumie? Akaulizwa Bolad, mjumbe wa Khan Mkuu, akaeleza inavyofanya kazi. Zikachapwa, zikaitwa chao. Raia watoe dhahabu na fedha yao, wapewe karatasi. Atakayekataa kuipokea, adhabu yake ni kifo.

Na juu ya karatasi ile, pamoja na herufi za Kichina, wakaandika shahada. Gaykhatu mwenyewe hakuwa Muislamu! Walijua wanaongea na nani. Walidhani muuza mkate akiiona kalima atanyamaza.

Hakunyamaza. Maduka yakafungwa, watu wakauhama mji, chakula kikawa hakionekani sokoni. Baada ya miezi kama miwili tu amri ikaondolewa na dhahabu ikarudi. Upanga ulikuwepo, askari walikuwepo, kalima ilikuwepo. Imani ya watu kwa mtoaji ndiyo haikuwepo. Kule China karatasi kama hizo zilikuwa zikitumika miaka mingi.

Sasa ruka nami mpaka Nigeria. Oktoba 2020 vijana waliandamana kupinga kikosi cha polisi kilichoitwa SARS. Waliokuwa wakikusanya michango wakakuta akaunti zao za benki zimefungwa, wakahamia bitcoin. Tarehe 5 Februari 2021 Benki Kuu ikaamuru mabenki yafunge akaunti za wanaofanya biashara ya sarafu hizi. Sababu walizotaja ni utakatishaji wa fedha, ugaidi na utapeli, na tuwe waadilifu, utapeli ulikuwepo kweli.

Watu walifanya nini? Walirudi kwenye biashara ya mkono kwa mkono. Huyu anamtumia mwenzake naira benki kama malipo ya kawaida, yule anamwachia sarafu kwenye simu. Benki inaona jina na kiasi, haioni kilichonunuliwa. Oktoba mwaka huo huo serikali ikatoa pesa yake ya kidijitali, eNaira. Wengi hawakuijali. Chao nyingine hiyo, ila safari hii hakuna aliyetishiwa upanga. Desemba 2023 Benki Kuu ikalegeza, mabenki yakaruhusiwa kuhudumia kampuni zenye leseni.

Basi jibu langu ni hili. Daftari la bitcoin limenakiliwa kwenye maelfu ya kompyuta duniani, halina ofisi ambayo polisi atakwenda kuifunga. China ilipiga marufuku mwaka 2021, mashine nyingi zikahamishiwa Kazakhstan na Marekani, na daftari likaendelea kuandikwa. Lakini wewe ndugu yangu hauli bitcoin. Unataka unga, kodi ya nyumba, ada ya mtoto. Siku ya kuigeuza iwe shilingi ndipo serikali inakusubiri: benki, kampuni ya kubadilishia, laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako. Serikali haiizibi njia yenyewe, inasimama kwenye geti. Inaweza kukuchelewesha, kukutoza, hata kukufunga.

Na msishangilie mapema, nyinyi mnaoniandikia kwamba hamuwaamini watawala. Novemba 2022 ilifilisika FTX, kampuni kubwa ya kubadilishia sarafu hizi. Watu waliokimbia mabenki walikuwa wameweka mabilioni ya dola kwa kijana mmoja aliyevaa kaptula, naye akazitumia. Amehukumiwa miaka 25. Walikimbia mtu, wakaangukia kwa mtu. Amana ni amana, iwe kwenye sanduku la chuma au kwenye simu.

Hapa kwetu Tanzania, Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba biashara ya sarafu hizi inapingana na kanuni za fedha za kigeni. Mwaka 2024 Sheria ya Fedha ikaweka kodi ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Kutoka kukatazwa mpaka kutozwa kodi haikufika miaka mitano.

Darsa lijalo, in shaa Allah, tutaangalia zaka yake: aliyenunua sarafu hizi mwaka umepita anazihesabu kwa bei ya siku gani? Andikeni maswali yenu hapa chini.

Wallahu a'lam.