Dawa za Kaposi zilivyopimwa Mulago

Mkulima wa alizeti wa Unyambwa, mkoani Singida, akiota vinundu vya zambarau mguuni na mguu ukaanza kuvimba, safari ya matibabu yaweza kumfikisha Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, karibu kilomita 700 kutoka kwake. Ugonjwa huo, sarkoma ya Kaposi, si mgeni nchini: mwaka 1969 ilichapishwa ripoti ya wagonjwa 117 wa Tanzania Bara. Na kuutibu kwa kuchanganya dawa kulipimwa hapa jirani, Kampala, zaidi ya miaka 50 iliyopita. Inasikitisha kwamba wachache wanalijua hilo.

Moritz Kaposi aliueleza ugonjwa huu Vienna mwaka 1872. Kule ulionekana kwa wazee wachache. Uganda uliwapata wanaume wengi, wakiwemo wenye nguvu zao za kulima. Ukishafika kwenye mfupa, mara nyingi mguu ulikatwa. Sebastian Kyalwazi, bingwa wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago jijini Kampala, alikuwa miongoni mwa walioanza kutafuta dawa katika miaka ya 1960.

Mwaka 1967 Chuo cha Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani vilifungua Mulago kituo cha kutibu limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu, kisha kikaongezwa cha uvimbe wa aina nyingine. Hapo madaktari Wamarekani John Ziegler na Charles Vogel, pamoja na Mganda Charles Olweny, walianza na dawa mojamoja, wakiangalia ipi inapunguza vinundu na inamdhuru mgonjwa kiasi gani. Baada ya hapo ndipo walipochanganya.

Mchanganyiko haukuwa wa kubahatisha. Aktinomisini D, iliyotokana na bakteria wa udongoni, hung'ang'ania vinasaba vya seli ya saratani visisomeke. Vinkristini, inayotoka kwenye ua la Madagaska ambalo wengi wetu tunalipanda bustanini kwa uzuri wake tu, huizuia seli kugawanyika. Ya kwanza hudhoofisha uboho, penye kiwanda cha damu. Ya pili hugusa mishipa ya fahamu, vidole vikafa ganzi. Kwa kuwa madhara hayaangukii mahali pamoja, mgonjwa anaweza kupewa zote mbili kwa dozi ya kutosha. Dakabazini ikawa ya tatu.

Idi Amin alikuwa ameshatwaa madaraka mwaka 1971. Wamarekani waliondoka, vifaa vikapungua, na uongozi wa vituo hivyo ukawa mikononi mwa Olweny. Hakusimamisha utafiti. Mwaka 1974 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la mchanganyiko huo, ambamo wagonjwa waligawanywa katika makundi kwa bahati nasibu. Kwa wengi wao uvimbe ulinywea. Kwangu, kazi hiyo iliyofanywa katika mji wenye hofu ni miongoni mwa kazi kubwa za tiba Afrika Mashariki, na heshima yake ni ya wagonjwa pia, waliokubali kutundikiwa dripu ambayo hakuna aliyejua mwisho wake.

Kisha ukaja Ukimwi. Kaposi ikawa kali, ikiingia mapafuni na tumboni, ikiwashika wanawake na watoto. Mwaka 1994 Yuan Chang na Patrick Moore waligundua kirusi kinachoisababisha.

Kati ya mwaka 2013 na 2018 mchanganyiko mwingine wa dawa uliwekwa kwenye mizani, kwa wagonjwa 334 wenye VVU na Kaposi iliyokwisha kukomaa, katika nchi zikiwemo Kenya, Uganda na Malawi. Wote walitumia ARV. Baada ya wiki 48, asilimia 64 ya waliopewa dawa moja, paklitakseli, walikuwa hai bila ugonjwa kusonga mbele. Kwa waliopewa bleomisini pamoja na vinkristini, ilikuwa asilimia 44. Safari hii dawa moja iliushinda mchanganyiko. Ila paklitakseli hutaka muuguzi aliyefunzwa na uangalizi wa karibu wakati inapoingia mwilini, maana yaweza kuleta mzio mkali, na wahudumu wa namna hiyo bado hawajafika hospitali nyingi za wilaya.