Ardhi na Daftari Lake

Wahenga walinena, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Huenda wewe, msomaji, umedhani kwamba methali hii yawahusu wenye maduka tu. La, hasha! Ardhi ndiyo mali kuu ya mkulima, nayo ina daftari lake. Daftari hilo limewaokoa wengi, na wengine limewapokonya.

Hapo zamani Wagikuyu hawakuwa na karatasi. Shamba la ukoo liliitwa githaka, na wenyewe walikuwa mbari, yaani watu wa babu mmoja. Mipakani ilipandwa mimea iitwayo itoka, na wazee waliijua mipaka hiyo vyema. Asiye na ardhi aliweza kuomba mahali pa kulima, akaitwa muhoi. Haki yake ilihifadhiwa katika vinywa vya mashahidi.

Kisha ikaja Serikali ya Kikoloni. Sheria ya mwaka 1915 iliihesabu ardhi ya Waafrika kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza, na mwaka 1921 mahakama iliamua kwamba Waafrika walikaa juu yake kwa hiari ya Mfalme tu. Fikiri jambo hilo: mtu amelala mwenye shamba, ameamka mpangaji!

Mwaka 1954 Bwana Roger Swynnerton, ofisa wa kilimo, alitoa mpango mpya. Vipande vya shamba vilivyotawanyika viunganishwe na kupimwa, na mwenyewe aandikwe, ili apande kahawa na kukopa fedha bila hofu. Shauri hilo lilikuwa na manufaa, kwani mtu hapandi mti wa miaka mingi mahali asipojua kama atauvuna. Lakini tazama wakati wake. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa mwaka 1952, na makumi ya maelfu ya watu walikuwa kizuizini. Baadhi yao waliporudi walikuta ardhi yao imepungua, au imeandikwa kwa majina ya wengine. Ahoi wengi walipoteza mahali pao, kwa maana daftari halikutambua ahadi za mdomo. Wanawake nao, ambao mikono yao ilishika jembe kila siku, hawakuandikwa ila wachache.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 kasoro hizo zilianza kurekebishwa polepole. Sheria ya Urithi ya mwaka 1972, iliyoanza kutumika mwaka 1981, ilimpa binti haki ya kurithi katika sehemu nyingi za nchi. Katiba ya mwaka 2010 iliigawa ardhi katika mafungu matatu: ya umma, ya jamii na ya mtu binafsi. Sheria ya mwaka 2016 nayo ikaziruhusu jamii, wakiwamo wafugaji, kuandikisha ardhi yao kwa pamoja.

Basi jifunze jambo moja. Hati humlinda yule aliyeandikwa, wala haimwulizi aliyesahauliwa. Mashamba mengi hata leo yangali katika majina ya mababu waliokwisha kufariki, na ndugu hugombana makaburini. Kama ndivyo kwenu, waombe wazee wakae pamoja wangali hai, wayataje majina yote, ya wana na ya mabinti, kisha waende wakayaandikishe.